Walirudi Bila Kujua Kesho

Masomo ya wiki: Yeremia 32:6-15, Mhubiri 11:4-6, Waebrania 11:8-13, Ezra 2:23



Hapa Naviundu kuna neno ambalo tunalisema asubuhi na jioni: Mungu iko. Bei ya mfuko wa unga inapanda, tunasema Mungu iko. Mwenye nyumba anapiga hodi kudai pesa ya miezi mitatu, tunasema Mungu iko. Kijana amemaliza chuo, diploma yake imelala ndani ya sanduku mwaka wa nne, na mama yake anasema Mungu iko. Redio inaleta habari za vita kule Kivu, hakuna anayejua vitaishia wapi, tena tunatikisa kichwa na kusema Mungu iko.

Neno hilo ni la kweli, wala sitaki kuliondoa kinywani mwa mtu. Lakini watu wawili wanaweza kulisema kwa maana mbili. Mmoja analisema ili akae. Mwingine analisema kisha anachukua jembe. Wa kwanza anangoja kesho ionekane wazi ndipo afanye kitu. Wa pili anajua kwamba kesho haionekani, anamtegemea Mungu, anafanya kazi ya leo. Wote wawili wanakuja ibadani. Wote wawili wanafunga na kuomba. Ni nani kati yao mwenye imani?

Wiki hii ninataka tutafute jibu ndani ya historia yetu wenyewe, historia ya watu wa Katanga waliomwamini Mungu wakati hawakuona mbele. Tutaanza na Biblia, kisha tutafuata njia ya wazee wetu.

1. Yeremia ananunua parseli wakati wa vita

Ilikuwa mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli lilikuwa limezunguka Yerusalemu pande zote. Ndani ya mji kulikuwa na njaa, na Yeremia mwenyewe alikuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi, kwa sababu alisema wazi kwamba mji utaanguka. Wakati huo ndipo Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, alikuja kumwambia anunue shamba lililo Anathothi.

Sisi watu wa komini Annexe tunaelewa mambo ya parseli. Tunajua parseli moja inaweza kuuzwa mara mbili. Tunajua thamani ya karatasi yenye mhuri, na tunajua machozi ya familia iliyojenga bila karatasi. Sasa fikiri: nani atanunua parseli katika nchi iliyojaa askari wa adui? Hanameli alikuwa na sababu ya kuuza. Yeremia hakuwa na sababu ya kununua hata moja, isipokuwa neno la Bwana.

Angalieni alivyofanya. Hakusema tu kwamba anaamini. Alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Akaandika hati, akatia mhuri, akaita mashahidi. Akampa Baruku hati zote mbili, ile iliyofungwa na ile iliyo wazi, akamwagiza aziweke ndani ya chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Ni kazi ya mtu anayejua kwamba yeye mwenyewe hataona mwisho wake leo wala kesho, lakini anajua kwamba utakuja.

Chombo cha udongo kinakaa kweli. Kwenye chemchemi za Naviundu, hapa hapa kwetu, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta vyungu vya zamani pamoja na alama za kazi ya kuyeyusha shaba, vya karibu karne ya 4 baada ya Kristo. Miaka 1,600 hivi, na udongo ule bado unasema habari za watu walioufinyanga. Yeremia alijua aliloagiza.

Na Yeremia mwenyewe? Hakulima shamba lile. Mji ulianguka, naye baadaye alichukuliwa Misri bila kupenda. Hatusomi popote kwamba alikula hata sukuma-moja ya mavuno ya Anathothi. Tuliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

2. Njia ya Bié

Sasa tuje Katanga. Katika karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya Union Minière, nchi ya Waluba ilikuwa nchi ya hofu. Upande wa mashariki walikuja wafanyabiashara wa Pwani. Upande wa magharibi walikuja Wovimbundu kutoka nyanda za Bié, katika Angola. Walileta bunduki na vitambaa, wakaondoka na pembe za tembo na watu. Hapa kusini Msiri alitawala kutoka Bunkeya, naye pia alishika biashara hiyo, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891.

Mluba aliyekamatwa alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000 kuelekea magharibi, shingo au mikono ikiwa imefungwa kwenye mti. Wengine walibaki Bié wakilima mashamba ya mabwana wao. Wengine walifikishwa baharini na kuvushwa mpaka visiwa vya São Tomé na Príncipe, kwenye mashamba ya kakao. Mwandishi wa habari Mwingereza, Henry Nevinson, alipita katika njia hiyo mwaka 1904 na 1905. Aliona pingu za miti zimetundikwa juu ya matawi kandokando ya njia, na mifupa ya watu waliochoka wakaachwa. Ripoti za namna hiyo ziliwafanya wenye viwanda vya chokoleti wa Uingereza waache kununua kakao ya visiwa hivyo mwaka 1909.

Lakini huko Bié, ambako walipelekwa kwa nguvu, Waluba wengine walilisikia Neno. Wamisionari Waprotestanti walikuwa wameanza kazi katika nyanda za Angola tangu miaka ya 1880. Mtumwa aliyechukuliwa bila jina alisikia kwamba Mungu anamjua kwa jina. Wengine walijifunza kusoma kwa lugha ya Umbundu, lugha ya wale waliowanunua. Ni jambo gumu kupokea habari njema kwa lugha ya bwana wako. Waliipokea.

Kisha milango ilifunguka. Mwaka 1910 ufalme ulianguka Ureno, serikali mpya ikaanza kubana biashara ya watu katika Angola, na watumwa wengi wakapata nafasi ya kuondoka. Hapo kila mmoja alipaswa kuchagua.

Tujaribu kuona hali yao. Mtu alichukuliwa akiwa mtoto. Sasa ni mtu mzima, ana mke, ana watoto waliozaliwa Bié, ana kibanda, anajua soko, anajua kanisa. Je, kijiji chake bado kipo? Ndugu zake wako hai? Chifu mpya atampokea, au atamwona mgeni anayekuja na dini ya ajabu? Njiani kuna njaa, kuna simba, kuna wakamataji ambao hawajaacha kazi yao. Hakuna barua iliyotoka nyumbani. Hakuna nabii aliyempa tarehe ya kufika. Kuna kitu kimoja tu: moyoni anasikia kwamba habari aliyoipata haikuwa yake peke yake.

Wengi walibaki, na hatuwahukumu. Lakini vikundi vingine viliondoka, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea kurudi mashariki kwa njia ile ile iliyowapeleka utumwani. Walipita chini ya miti ile ile yenye pingu.

Mmoja wa wakubwa wao aliitwa Shalumbo. Huyu alikuwa mtu wa Wasonge, na kabla ya kuokoka alikuwa mwenyewe mvamizi wa vijiji na mkamataji wa watumwa. Mtu wa namna hiyo anarudi kwao na nini? Anarudi mahali ambapo watu wanakumbuka jina lake kwa uchungu. Alirudi na Injili. Baadaye habari zake ziliandikwa katika kitabu kizima, na kizazi cha wazee wetu kilizijua vizuri.

Walipofika katika nchi ya Waluba hawakukuta kanisa likiwangoja. Hawakukuta mwalimu, wala mishahara, wala nyumba ya ibada. Walijikusanya, waliimba, walifundisha jirani kile kidogo walichokijua, na walimwomba Mungu alete walimu wa kuwasaidia. Angalieni mpango huo, wapendwa: walitembea kwanza, walianza kazi kwanza, na huku wakaomba kile kilichopungua.

3. Mwaka 1915: watu wanne na kaburi moja

Wakati wale wazee wanaomba, kwa upande mwingine wa dunia Mungu alikuwa anasukuma watu wengine. William Burton alizaliwa Liverpool mwaka 1886, akajifunza kazi ya ufundi wa mashini. James Salter alitoka Preston. Wote wawili walikuwa wamejazwa Roho katika uamsho wa miaka ile, na wote wawili walisikia wito wa Kongo. Hawakuwa na shirika kubwa la kuwalipa. Vita Kuu ilikuwa imewaka Ulaya, na hakuna aliyejua barua au pesa itafika lini.

Safari yao ya mwaka 1915 walikuwa wanne: Burton, Salter, Joseph Blakeney na mzee mmoja aliyeitwa Armstrong. Walipita kwa treni mpaka Katanga, kisha wakauelekea mto Lualaba. Armstrong alishikwa na homa akafa njiani, kabla ya kufika mahali pa kazi. Waliobaki walifika Mwanza, katika nchi ambayo leo ni Malemba-Nkulu, mwezi wa Septemba. Blakeney hakukaa sana, alirudi. Wakabaki wawili.

Kama tungeandika hesabu ya Desemba 1915, ingekuwaje? Watu wanne, mmoja kaburini, mmoja amekwenda, wawili wagonjwa-wagonjwa wa homa ya mbu, lugha bado hawaijui, watu wa kijiji wanawatazama kwa mashaka. Mhasibu yeyote angesema kazi hii imekufa.

Hapo ndipo njia mbili zilikutana. Wale waliorudi kutoka Angola walisikia habari za wazungu wa Mwanza wanaohubiri, wakaja. Burton na Salter walikuta Wakristo Waafrika waliojua nchi, waliojua lugha, waliojua mateso, na ambao walikuwa tayari wanahubiri. Kazi ya Pentekoste katika nchi ya Waluba ilienea kwa miguu ya watu hao, kijiji kwa kijiji. Wamethodisti nao, katika kazi yao ya Katanga, walipata wasaidizi kati ya watu waliorudi kutoka Angola.

Ninasema hivi kwa sababu mara nyingi tunasimulia historia hii kana kwamba imani ililetwa ndani ya sanduku la mzungu. Burton na Salter walikuja kwa imani, tuwaheshimu. Lakini wakati meli yao ilikuwa bado haijaondoka, Mluba aliyefunguliwa alikuwa tayari njiani. Hakuna upande uliojua habari za upande mwingine. Bwana peke yake alishika kalenda zote mbili.

4. Mwaka 1960: wakati wa kuachiliwa mkono

Misioni ile, ambayo tangu 1919 iliitwa Congo Evangelistic Mission, ilifanya kazi miaka 45. Ilikuwa na vituo vingi, shule, zahanati, na mamia ya makanisa ya vijijini. Kisha ukaja mwaka 1960. Tarehe 30 Juni nchi ilipata uhuru. Siku chache baadaye askari wa Force Publique waliasi. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake. Upande wa kaskazini, wafuasi wa Balubakat walikataa, na vita ikaingia kati ya watu waliokula bukari katika sahani moja.

Wamisionari waliondolewa kwa haraka. Tarehe 23 Novemba 1960, wawili kati yao, Edmund Hodgson, aliyekuwa amefanya kazi Kongo miaka 40, na Elton Knauf, waliuawa na vijana wenye silaha walipokuwa wakirudi upande wa kituo cha Lulungu. Burton naye aliondoka Kongo mwaka huo. Hakurudi tena kuishi Mwanza. Alikufa Afrika Kusini mwaka 1971.

Hapa Elisabethville mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbia nyumba zao ndani ya mji wakajikusanya katika kambi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Walilala chini ya majani na vipande vya karatasi ngumu. Kambi ilifungwa mwaka 1962, wakasafirishwa kwenda Kasai na kaskazini. Kuna familia za mji huu ambazo mpaka leo hazipendi kuzungumza juu ya miezi hiyo.

Tuwaze juu ya wachungaji Wakongo wa wakati ule. Aliyewafundisha ameondoka. Pesa ya kanisa haiji. Barabara zimefungwa. Ukihubiri upande huu, upande wa pili unakuhesabu adui. Wengi walidhani kanisa lile litakufa pamoja na kuondoka kwa wazungu. Halikufa. Wachungaji waliwakusanya watu porini walikokimbilia, walibatiza, walizika, waliozesha. Uongozi ukawa mikononi mwa Wakongo, na Jonathan Ilunga alisimama kati ya viongozi wao wa kwanza. Leo jumuiya iliyotoka katika kazi hiyo imeenea katika Katanga yote na kupita mipaka yake. Hawakuwa na ahadi ya amani. Walikuwa na kondoo mbele yao, wakawachunga.

5. Siku ambazo baba alikufa

Mambo haya si ya zamani tu. Kuna wazee kati yetu wanaokumbuka maisha ya Union Minière, na baada yake Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, unga, shule, hospitali, hata ubao wa kuchezea mpira. Watu walizoea kuita kazi baba, na kuita kazi mama. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 ulikuja uporaji. Mwaka 1994 kampuni ilitoa karibu tani 30,000 tu. Baba alikuwa anakufa mbele ya macho yetu. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa kitabu mwaka 2001, na kichwa chake kinawaita watu wetu wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Kati ya 2003 na 2004, katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kazini kwa jina la kuondoka kwa hiari. Walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Walipewa pesa kwa mara moja, na wengi wamesema mpaka leo kwamba haikulingana na miaka yao ya kazi. Malalamiko hayo ni ya haki, wala mtu asiwafunge mdomo kwa mistari ya Biblia.

Lakini nani alishika nyumba katika miaka ile? Tuliwaona mama zetu. Mama ambaye mume wake alikuwa na namba ya kazi na kadi ya hospitali alianza kukaanga mikate ya kuuza, kupima makala kwa ndoo, kununua samaki wa kukauka na kuwapeleka Kenya, kulima mahindi pembeni ya mji, kuingia likelemba na wenzake. Hakujua kama biashara itafaulu. Hakuwa na mtaji wa kutosha. Alisema Mungu iko, akawasha moto saa kumi ya usiku. Watoto wengi ambao leo ni madaktari, walimu na wachungaji katika mji huu walilipiwa minervali kwa mikate ile. Kama mnatafuta mahubiri juu ya Waebrania 11, mmeyala mkiwa watoto.

6. Imani inafanya nini

Tukiweka historia hizi nne pamoja, Yeremia, waliorudi kutoka Bié, wachungaji wa 1960 na mama wa Lubumbashi, tunaona mambo matatu.

La kwanza: imani haijui kesho, inamjua Mungu. Ibrahimu alitoka bila kujua anakokwenda. Siku hizi kuna watu wanaouza kesho. Leta mbegu, nitakuambia visa itatoka mwezi gani. Leta bahasha, nitakuonyesha ni nani katika familia anazuia ndoa yako. Ndugu, dada, mtu anayelipa ili aione kesho hajaongeza imani, ameitafutia kitu cha kuweka mahali pake. Roho Mtakatifu anasema na kanisa, sisi Wapentekoste tunaamini hivyo na hatuoni haya. Lakini alipomwambia Yeremia anunue shamba, hakumwondolea jeshi la Babeli mlangoni. Alimpa neno la kutosha kwa tendo moja.

La pili: imani inafanya kazi kwa utaratibu. Yeremia alipima fedha, akaandika, akaita mashahidi. Waliorudi kutoka Angola walitembea kwa vikundi, si mtu mmoja mmoja. Mama alihesabu unga, mafuta na faida. Kuacha kuandikisha parseli na kusema Bwana ni shahidi wangu, hiyo si imani. Kuacha dawa za mtoto, hiyo si imani. Kuweka pesa yote ya mwaka katika kitu usichokielewa kwa sababu mtu ameota, hiyo si imani. Mhubiri anatuonya kwamba anayetazama upepo hatapanda; lakini anayepanda anachagua mbegu, anasafisha shamba, anapanda asubuhi na jioni kwa sababu hajui ni ipi itakayoota. Kutokujua kwetu ndiko sababu ya kufanya kazi mara mbili.

La tatu, na ndilo gumu: imani haiahidi kwamba wewe utavuna. Armstrong alikufa njiani. Kati ya waliotoka Bié wako waliozikwa kabla ya kuona nyumbani. Hodgson na Knauf hawakufika Lulungu. Wako mama waliokaanga mikate miaka 10 na bado mtoto alitoka shuleni. Tusiseme kwamba hao walipungukiwa na imani. Anayesema hivyo anaongeza jiwe juu ya mtu aliyekwisha kuchoka, na anapingana na Waebrania 11, ambako wengine walifunga vinywa vya simba na wengine walikatwa kwa msumeno, na wote wanaitwa kwa jina moja la imani.

Basi faida ni nini? Fungueni Ezra sura ya 2. Ni sura ambayo wengi tunaruka, maana ni majina na hesabu tu za watu waliorudi kutoka Babeli baada ya amri ya Koreshi. Tulieni kwenye mstari wa 23. Pale wameandikwa watu wa Anathothi, 128. Yeremia alikuwa amekwisha kulala. Baruku pia. Lakini watu 128 walirudi kwenye kijiji kile ambacho mfungwa mmoja, katikati ya vita, alikinunulia hati kwa shekeli 17.

Sisi tunaosoma karatasi hii tu sehemu ya hesabu ya namna hiyo. Mtu mmoja aliyechoka, mwenye alama ya mti shingoni, alitoka Bié bila kujua kama kijiji chake kipo. Hakujua jina la Lubumbashi, maana mji ulikuwa haujamaliza hata kujengwa. Sisi ni watu wake wa Anathothi.

Kwa hiyo wiki hii usingoje kesho ijieleze. Kijana mwenye diploma ndani ya sanduku, kuna kazi moja ambayo mkono wako unaweza kuianza; ianze, na endelea kuomba ile uliyosomea. Baba unayeogopa kumwandikisha mtoto kwa sababu hujui muhula wa pili utalipa na nini, mwandikishe kwa muhula wa kwanza, kisha njoo tuzungumze kanisani. Mama unayetaka kuacha likelemba kwa sababu ya wasiwasi, ongea na wenzako kabla ya kutoka. Wachumba mnaoahirisha ndoa mwaka baada ya mwaka mpaka mali yote ipatikane, kaeni na wazazi mpunguze gharama. Na wewe usiye na nguvu ya kuanza kitu chochote, mgonjwa au mwenye msiba, kazi yako ya wiki hii ni kupokea. Acha wengine wakubebe. Katika msafara wa Bié kulikuwa na watoto na wazee, nao hawakubeba mizigo, lakini walifika pamoja na wote.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika seli

1. Katika familia yenu, ni nani aliyeanza kitu bila kujua mwisho wake, na ninyi mnakula matunda yake leo?
2. Ni jambo gani mmeliahirisha kwa kusema Mungu iko?
3. Ni nani katika avenue yenu anayehitaji kubebwa wiki hii?

Tuombe

Bwana Mungu wa Yeremia na wa wazee wetu, wewe unaijua kesho na hukutupa sisi mzigo wa kuijua. Tupe neno la kutosha kwa tendo la leo. Wakumbuke ndugu zetu wa Kivu walio katika vita, na wote waliopoteza kazi katika mji huu. Utulinde na wanaouza kesho. Tukivuna, tukushukuru, tukipanda tu na wengine wakavuna, tukushukuru pia. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.